Samatta pale Aston Villa: alifeli kweli, au tunampima kwa mechi 14 tu?

Rangi3_Mzee:

Wakuu habari zenu. Nina swali na naomba wajibu wanaofuatilia mpira, sio mashabiki maandazi.

Siku hizi ukimtaja Mbwana Samatta kwa hawa madogo hakukosekani wa kusema "yule si alifeli Uingereza, goli moja tu ligi nzima". Dogo amezaliwa 2006 huyo, hajui African Lyon wala Mazembe, anajua tu picha ya Samatta na jezi ya Villa namba 20. Mimi ni wa Mbagala, yule ni mtoto wa nyumbani, kwahiyo najua nina upendeleo, ndio maana nauliza hapa badala ya kujijibu mwenyewe.

Swali langu liko hivi. Januari 2020 jamaa yuko Genk, ana miaka 27, msimu uliotangulia kachukua ubingwa wa Ubelgiji na magoli 23 ya ligi, kashapewa na kile kiatu cha Ebony cha mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kule, kafunga Champions League, kamfunga Liverpool Anfield kwa kichwa tena Liverpool ikiwa bingwa wa Ulaya. Halafu anaondoka anaenda timu inayopigana isishuke daraja. Je lilikuwa kosa? Na la pili, kwanini toka yeye apite hatujaona Mtanzania mwingine akapita njia ile ile mpaka akafika pale alipofika? Tusitukanane tafadhali.

fundi_taktiki:

Mzee wa Rangi Tatu mada nzuri, nitajibu la kwanza tu la pili nawaachia wengine.

Mimi nasema lilikuwa kosa, ila kosa la timu na muda, sio la mchezaji. Kumbuka kwanini Villa walimtaka. Tarehe 1 Januari 2020 straika wao Wesley, yule Mbrazili, aliumia goti kule Burnley msimu ukaisha kwake. Siku hiyo hiyo akaumia na kipa Tom Heaton. Kocha Dean Smith akabaki hana namba tisa, dirisha dogo liko wazi, wakaingia sokoni haraka haraka wakatoka na Samatta. Sasa mchezaji akinunuliwa kwa dharura anatarajiwa afanye kazi jumatatu asubuhi, hakuna cha kuzoea.

Angalia alivyoanza lakini. Mechi ya kwanza kabisa ni nusu fainali ya Carabao (Kombe la Ligi la Uingereza) na Leicester, Villa wakashinda 2-1 dakika za mwisho wakaenda Wembley. Mechi ya kwanza ya ligi, Bournemouth ugenini tarehe 1 Februari, akafunga kwa kichwa, wakapigwa 2-1 lakini goli kafunga. Tarehe 1 Machi fainali na Man City, City wanaongoza 2-0 mapema kabisa, El Ghazi anatia krosi, Samatta anaruka kama anajitupa baharini anaweka kambani. Mtanzania kafunga fainali Wembley, watu wanapita hilo kama sio kitu!! Mpaka hapo mtu alikuwa anakwenda vizuri kabisa.

Halafu ikaja Korona. Ligi ikasimama mpaka Juni. Iliporudi Villa waliamua kukaba kwanza, mechi za viwanja vitupu, timu inakaa nyuma, mipira yote inapitia kwa Grealish na yeye anakaa nayo upande wa kushoto anatafuta faulo. Samatta sio straika wa kukimbiza mipira mirefu peke yake dhidi ya mabeki wawili. Yeye ni mtu wa kutokea kwenye boksi, anamtegea beki mgongoni, anahitaji krosi ya mapema. Krosi hazikuja. Akaanza kusugua benchi. Villa wakanusurika siku ya mwisho kwa sare na West Ham, pointi 35, nafasi ya 17, pointi moja juu ya Bournemouth na Watford. Septemba wakamleta Ollie Watkins na Samatta huyo Fenerbahçe kwa mkopo.

Mechi 14 za ligi goli moja. Namba ni mbaya na sitaipamba. Lakini Villa yote ile ya nusu ya pili ya msimu haikuwa inafunga, mwokozi wao wa mwishoni alikuwa Trezeguet, winga.

BokoBoko_FC:

Goli 1 ni goli 1 tu mzee, mengine ni maelezo 😂😂

mrundi_wa_Hasselt:

Salaam wote. Mimi niko Limburg huku Ubelgiji miaka mingi, ni Mrundi, na kwa uwanja wa Genk sio mbali. Naomba nimpinge huyo fundi hapo juu kidogo kwa heshima.

Mnasema asingeondoka Genk, lakini Genk ipi? Ile timu ya ubingwa ya Philippe Clement ilikuwa imeshasambaa. Pozuelo aliondoka hata kabla ubingwa haujapatikana, akaenda Toronto. Ubingwa ulipopatikana, Trossard Brighton, Malinovskyi Atalanta, kocha mwenyewe Clement akachukuliwa na Club Brugge. Yaani mtu anayekupa pasi kaenda, anayekupiga kona kaenda, aliyekupanga kaenda. Champions League wakaanza kwa kupigwa 6-2 na Salzburg, ile ya Haaland kufunga matatu, na hata siku hiyo Samatta alifunga, ndo goli la kwanza la Mtanzania kwenye ligi hiyo. Novemba kocha mpya Mazzù akafukuzwa. Sasa mtu wa miaka 27 akae hapo asubiri nini? Wakati huo huo Sander Berge naye alikwenda Sheffield United. Kila mtu alikuwa anatoka mlangoni.

Na kitu kingine watu wa nyumbani hamkijui. Huku Ubelgiji mchezaji ambaye sio wa Umoja wa Ulaya sheria inalazimisha alipwe mshahara wa chini mkubwa sana, mtu mzima ni zaidi ya yuro elfu 80 kwa mwaka. Kwahiyo klabu haichukui Mwafrika wa kujaribu jaribu akae akiba, ukimleta lazima acheze. Njo maana Genk walipomchukua Januari 2016 walimchukua mtu aliyeiva, miaka 23, ana kombe la klabu bingwa Afrika mkononi. Alipofika alikuta Ndidi yupo, Leon Bailey yupo, timu ya kuuza vijana. Msimu uliofuata wakafika robo fainali ya Europa League wakatolewa na Celta Vigo. Huko Genk watu wanamkumbuka kwa mapenzi ya kweli, hata 2022 alivyorudi kwa mkopo walimpokea kama ndugu aliyetoka safari. Bahati mbaya ule msimu ubingwa uliwatoka mechi ya mwisho kabisa, Alderweireld wa Antwerp alipiga lile shuti dakika za nyongeza. Nilikuwa na jirani yangu shabiki wa Genk, hakuongea na mtu wiki nzima.

Villa halikuwa kosa. Nani hapa angekataa Premier League, nyoosheni mkono.

Kunguru_Kamalondo:

Bandugu ya Dar, mi niko wa Lubumbashi, nitajaribu kuandika Kiswahili chenu, changu mkikiona mutacheka.

Munaongea Villa, Genk, Villa, Genk, kama vile huyu mutu alitoka Mbagala akashuka moja kwa moja Ulaya. Kumbe alikaa kwetu karibu miaka mitano! Simba walikuja kucheza na sisi 2011 kwenye Champions ya Afrika, tukawapiga, na papo hapo wakubwa wa Mazembe wakasema yule kijana wa mbele tunamutaka. Alikuwa na miaka 18. (Na CAF ikatutoa kwenye ile ile mashindano juu ya usajili wa mchezaji wetu Bokungu, Simba wakarudishwa kucheza na Wydad pale Cairo wakafungwa tatu, mungu hana upendeleo hahaha.)

Sasa fikirini alifika wapi. Mwaka 2010 Mazembe ilicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Ukiingia chumba cha kubadilishia nguo kuna Kidiaba, kuna Kalaba wa Zambia, kuna Mputu, kuna Sunzu. Wote ni wakubwa, kila mutu yuko na medali. Nafasi haitolewi kwa huruma. Uwanja ni wetu wenyewe hapa Kamalondo, mshahara unakuja, ndege ya klabu inakupeleka kwenye mechi, Katumbi mwenye klabu anataka kombe kila mwaka. Kijana wa miaka 18 kutoka Simba akakaa pale, akakomaa. Leo unacheza Algeria kwenye kelele na moto, wiki ijayo uko Sudan kwenye joto, kisha Morocco. Ile ndiyo ilimutengeneza.

2015 tukachukua kombe. Fainali na USM Alger, kwao tukashinda 2-1 na Samatta alifunga, hapa Kamalondo 2-0 na Samatta alifunga tena. Magoli 7, mfungaji bora pamoja na yule Bakri wa Merreikh. Januari 2016 kule Abuja akapewa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akamupita kipa wetu Kidiaba mwenyewe. Wa kwanza kutoka upande wenu wa mashariki.

Njo maana nasema: nyie munamuita mutoto wa Mbagala, sawa, alizaliwa kwenu. Lakini mupira wake wa ukubwa ulizaliwa Lubumbashi.

Rangi3_Mzee:

Kunguru hapo umenigusa penyewe na wala sina la kupinga, heshima yako. Ila sasa nikuulize, mbona Thomas Ulimwengu alikuwa nanyi muda ule ule, kombe lile lile la 2015 kabeba, lakini yeye Ulaya hakutoboa vile? Alikwenda Eskilstuna ya Sweden, akapita na Bosnia, mwisho akarudi Afrika. Kama Lubumbashi ndio kiwanda mbona bidhaa zimetoka tofauti.

Kunguru_Kamalondo:

Swali zuri mzee. Ulimwengu alikuwa na nguvu na mbio, alitusaidia sana. Lakini angalia alikotua. Mwenzake alikwenda klabu ambayo kazi yake ni kununua mutu, kumukuza na kumuuza, yeye alikwenda timu ndogo ya Sweden ambayo yenyewe ilikuwa haijui mwakani itakuwa ligi gani. Kiwanda ni kimoja ila barabara mbili. Na wengine hawakwenda kabisa, Mputu kila mwaka tulisikia Ulaya Ulaya, akazeeka hapa hapa akapitia na Angola. Mbele za watu wengi wa Lubumbashi Mputu alikuwa na mupira kumupita Samatta, nitasema hivyo hata mukinipiga mawe.

Otis254:

Wasee wa Bongo na Kongo, jirani kutoka Nairobi hapa. Mmeongea poa lakini mnaongea ni kama njia ni hio moja tu. Kwetu ilikuwa tofauti kabisa na ilifanya kazi.

Mariga alitoka Kenya akaenda Sweden akiwa kijana, akapita Helsingborg, akaenda Parma. Wanyama mdogo wake akamfuata Sweden akiwa 16, halafu Beerschot ya Ubelgiji, halafu Celtic 2011. Hakuna Mazembe hapo katikati, hakuna kombe la Afrika, ni kukulia huko huko. 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa pale Glasgow, 2-1, Mkenya wa kwanza kufunga Champions League. 2013 Southampton wakatoa paundi milioni 12.5 na ilikuwa rekodi ya pesa kwa mchezaji kuuzwa kutoka Scotland wakati huo. Kisha Pochettino akamvuta Tottenham. Ile bunduki aliyopiga Anfield 2018, hadi leo watu wa Liverpool wakiona clip wanazima simu. Mariga naye ana medali ya Champions League ya 2010 na Inter. Kwa hivyo ukiniuliza mimi, anayetaka kufika mbali aende mapema, akiwa 18, asingoje 23.

Lakini sasa kuna kitu cha vibali, na hapa ndio nakubaliana na mwenye mada kwamba Samatta alifanya kitu kigumu sana. Mariga kabla aende Inter, hio Januari 2010 alikuwa anaenda Man City, kila kitu kimekubaliwa, akanyimwa kibali cha kazi kwa sababu Kenya ilikuwa chini sana kwa orodha ya FIFA. Raila akiwa waziri mkuu alijaribu kuingilia, na bado City wakaachana na hio deal. Enzi hizo kuingia Uingereza ilikuwa nchi yako iwe ndani ya 70 bora (toka 2015 ikawa 50 bora) na uwe umecheza mechi zake nyingi, la sivyo unaenda mbele ya jopo kujitetea. Tanzania 2020 mlikuwa wapi? Mia na thelathini na kitu. Hapo ile 50 bora mnaiona kwa darubini. Kwa hivyo jamaa alipita kwa mlango mdogo kabisa, kwa CV yake mwenyewe, nchi haikumsaidia na chochote. Huyo mnamuita aliyefeli?

BokoBoko_FC:

Sawa kibali alipata, akaingia, akafunga moja. Narudia: moja. Wanyama mnamlinganishaje na huyu wakati Wanyama alikaa miaka saba EPL.

fundi_taktiki:

BokoBoko wewe unapenda kuchokonoa lakini hapo una hoja kidogo, na Otis kanisaidia kuiona. Tofauti ya Wanyama na Samatta pale Uingereza sio kipaji, ni umri wa kufika. Wanyama alifika Southampton na miaka 22. Mwaka wa kwanza ukimwendea vibaya klabu inasema bado mdogo, tunavumilia, tutamuuza baadaye. Samatta kafika na 27, miezi sita imemwendea vibaya, klabu inapiga hesabu, huyu akifika 30 hatuuzi tena, mtoe. Ndio maana hakupewa hata msimu mzima wa kuanzia Agosti. Kwahiyo ule ukomavu wa Lubumbashi anaousifu Kunguru ulimfungulia Genk, lakini ukamla miaka ambayo angeihitaji Uingereza. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Na mrundi, nimekuelewa kuhusu Genk kuvunjika. Naondoa neno kosa la muda. Ila la timu nabaki nalo, angepata timu ya katikati ya jedwali inayopiga krosi tungekuwa tunaongea mengine leo. Ile 4-1 ya Liverpool kule Genk nyie mnaikumbuka? Alifunga kwa kichwa, VAR ikakataa kwa sababu mwenzake Ito alikuwa ameotea kwenye kuandaa. Lile goli na la Anfield ni mtu mmoja anafanya kitu kile kile, mpe krosi anamaliza.

mrundi_wa_Hasselt:

Hapo kwa Ito umesema ukweli mtupu. Uwanja mzima ulikuwa umeshapasuka kwa shangwe, halafu kimya.

Otis mimi hiyo ya kwenda na miaka 16 nina wasiwasi nayo. Wanyama alikuwa na kaka yake kule Sweden, mtu wa damu, anajua lugha, anajua basi linapita wapi. Mtoto anayekuja peke yake ni hadithi nyingine. Tena sasa FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache. Nimekutana na vijana huku, wa nchi zetu, waliletwa na "wakala" kwa majaribio, viza ya wiki kadhaa, majaribio yakaisha, wakala simu haipokelewi. Wengine wanaosha vyombo kwenye mighahawa na bado wanavaa tracksuit ya klabu waliyojaribiwa. Hao hakuna anayewaandika.

Vijana wenu wa sasa naona wanajaribu njia mbili tofauti pia. Kelvin John alisajiliwa na Genk 2021 akiwa na 18, sasa yuko Denmark. Novatus Miroshi wa Azam yeye kapitia Israel, akaja Zulte Waregem hapa, akaenda Shakhtar, sasa Uturuki. Huyo Novatus kwa macho yangu ndio anayepanda ngazi vizuri, taratibu, na anacheza nafasi tatu.

dada_Zai:

Nimesoma wote kimya kimya, ngoja niingie na mimi maana mnaongea magoli tu na mimi mambo yangu ni hesabu 😊

Swali la pili la Rangi3 hamjalijibu, kwanini hajapatikana mwingine. Mimi naona pesa ziko hapo katikati na klabu zetu hazizifuati. Kuna kitu FIFA wanaita mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila msimu unachukua asilimia 5 ya ile hela, miaka ya 16 hadi 23 kila msimu asilimia 10.

Sasa piga hesabu ya Samatta kwenda Villa. Magazeti yaliandika kama paundi milioni 8.5. Asilimia 5 ni paundi 425,000. Msimu mmoja wa ujana wake, miaka 16 kwenda juu, ni paundi 42,500. Kwa kiwango cha mwaka ule ni zaidi ya milioni 120 za kwetu, kwa MSIMU MMOJA wa kumlea dogo. African Lyon wamo humo, Simba wamo, na fungu kubwa kabisa ni la Mazembe maana wao wamekaa naye toka 18. Sisemi nani alilipwa nani hakulipwa, siko kwenye ofisi zao. Nasema tu hiyo hela ikirudi mtaani inajenga viwanja vingapi vya vijana pale Mbagala? Na haiji yenyewe mlangoni, lazima klabu iwe na kumbukumbu kwamba huyu mtoto tulimsajili tarehe fulani, alitoka tarehe fulani. Timu zetu nyingi za mtaani usajili uko kwenye daftari la katibu, katibu akihama na daftari limehama.

Kuhusu kufeli, mimi ni mwanamke wa Simba na sina la kuongeza, mtu kacheza Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki akabeba ligi na PAOK 2024, na 2025 akiwa na 32 bado Le Havre ya Ligue 1 wanamsajili. Klabu za Ulaya hazina huruma, hazimlipi mtu miaka kumi kwa kumbukumbu ya zamani.

Rangi3_Mzee:

Dada Zai umeleta kitu ambacho sikuwa nakifikiria kabisa. Na nyie wengine asanteni. Kwa jinsi nilivyoelewa mjadala, Villa ilikuwa dharura ya klabu na umri ukambana, ila kuondoka Genk ilikuwa lazima. Nitawajibu madogo hivyo hivyo. Na AFCON ya 2019 kule Misri, ya kwanza kwetu toka 1980, nani alikuwa nahodha na alifunga na Kenya? Otis usijibu, mlitupiga 3-2 najua.

Otis254:

Hahaha sijasema kitu mzee. Olunga mbili tu.

kipara_Chamazi:

Wakubwa samahani nimechelewa kuingia. Dada Zai naomba msaada wako hapo hapo. Mtoto wa dada yangu ana 17, yuko timu ya vijana ya mtaani kwetu, kuna mtu anasema ni wakala anataka tumpe milioni mbili ya "kufungua faili" ampeleke majaribio Ulaya. Nimesoma alichosema mrundi nikaogopa. Tufanyeje?

dada_Zai:

Msitoe hata mia. Wakala halali analipwa kutokana na mkataba ukishasainiwa, hana haja ya hela ya mzazi. Muombe namba yake ya leseni ya FIFA, siku hizi wanafanya mtihani na majina yanatafutika kwenye tovuti ya FIFA, kama hayumo mazungumzo yameishia hapo. Pili mtoto ana 17, uhamisho wa kimataifa bado hauruhusiwi kwake kwa kawaida, kwahiyo hata akipelekwa hawezi kusajiliwa, atakuwa mgeni tu na viza inayohesabu siku.

Cha kufanya sasa hivi ni kwenda kwa katibu wa hiyo timu mhakikishe mtoto amesajiliwa kihalali kwenye mfumo wa TFF, tarehe ya kuzaliwa iwe ile ile ya cheti na ya pasi ya kusafiria, isipishane hata siku moja. Baadaye akihamia klabu kubwa itahitajika pasipoti ya mchezaji, ile karatasi inayoonyesha kila klabu aliyopita toka miaka 12. Bila hiyo timu yenu ya mtaani haitapata chochote hata akiuzwa mamilioni. Ukikwama kwa katibu nitumie ujumbe pembeni.

kipara_Chamazi:

Nimekuelewa dada, kesho asubuhi niko kwa katibu. Daftari nalijua, lina picha ya Yanga juu.